Lavoisier, mkusanya kodi aliyepima moto wa mwilini

Chukua jembe ulime robo saa bila kupumzika. Pumzi itakwenda mbio, mwili utapata joto, na mchana ukifika utakuwa na njaa kuliko aliyeshinda kivulini. Pumzi, joto na chakula: kila mtu anavijua vitu hivyo tangu utotoni. Kwamba vyote vitatu ni shughuli moja inayoendelea ndani ya mwili, hilo halikujulikana kwa maelfu ya miaka.

Aliyeviunganisha kwa mizani na hesabu alikuwa Mfaransa, Antoine Lavoisier. Wanasayansi humwita baba wa kemia ya kisasa. Watu wa mjini kwake, Paris, walimjua zaidi kwa jambo jingine: alikuwa mkusanya kodi. Kazi hiyo ndiyo iliyolipia vyombo vyake vya maabara, na ndiyo iliyomfikisha kwenye gilotini, ile mashine ya kukata vichwa.

Kijana mwenye kazi mbili

Lavoisier alizaliwa Paris tarehe 26 Agosti 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye uwezo. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitano tu, na dada wa mama ndiye aliyemlea. Alisomea sheria kama baba yake na akahitimu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mawe, maji, hewa na moto.

Mwaka 1768 yalimtokea mambo mawili makubwa. La kwanza, alichaguliwa kuingia Akademia ya Sayansi ya Ufaransa akiwa bado hajatimiza miaka 25. La pili, alinunua hisa katika kampuni ya wakusanya kodi.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Enzi hizo mfalme wa Ufaransa hakukusanya mwenyewe kodi zake nyingi. Aliwauzia matajiri haki ya kuzikusanya. Wao walimlipa fedha taslimu mapema, kisha wakazirudisha kutoka kwa wananchi pamoja na faida yao. Chumvi ilitozwa, tumbaku ilitozwa, bidhaa zilizoingia mjini Paris zilitozwa. Kampuni ilikuwa na walinzi wenye silaha, na aliyekamatwa na chumvi ya magendo aliadhibiwa vikali. Watu waliwachukia wakusanya kodi hao kuliko walivyomchukia mfalme.

Mwaka 1771 Lavoisier alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyohiyo. Bwana harusi alikuwa na miaka 28, bibi harusi 13. Leo tungesema ni ndoa ya mtoto, na ndivyo ilivyokuwa. Baba wa binti alikuwa akishinikizwa amwoze kwa mtu mwenye cheo aliyemzidi umri kwa mbali sana, akaona heri Lavoisier. Marie-Anne hakukaa kando. Alijifunza Kiingereza ili amfasirie mumewe vitabu vya Waingereza, akajifunza kuchora kwa mchoraji maarufu Jacques-Louis David, na akawa ndiye anayeandika vipimo maabara ilipokuwa kazini. Bila yeye, sehemu kubwa ya habari hii tusingekuwa nayo.

Ratiba ya nyumbani ilikuwa kali. Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu ilikuwa ya sayansi, mchana ulikuwa wa kodi na shughuli za serikali, kisha sayansi tena kuanzia saa moja usiku hadi saa nne. Siku moja nzima ya juma ilikuwa ya majaribio tu.

Hewa si kitu kimoja

Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba kila kinachoungua kina kitu fulani ndani yake, wakakiita flojistoni. Kikiungua, kitu hicho hutoka. Ndiyo maana, walisema, mzigo wa kuni huishia kuwa majivu machache mepesi. Maelezo hayo yalionekana kuwa na akili, na yalidumu miaka mingi.

Lavoisier aliweka mambo kwenye mizani. Mwaka 1772 alichoma fosforasi na salfa, akaona kinachobaki ni kizito kuliko alichoanza nacho. Kitu kinachotokwa na sehemu yake kitaongezekaje uzito? Lazima kilikuwa kinachukua kitu kutoka hewani.

Mwezi Oktoba 1774 mwanakemia wa Kiingereza, Joseph Priestley, aliyekuwa pia mhubiri, alitembelea Paris akala chakula kwa Lavoisier. Mezani alisimulia kwamba amepasha joto unga mwekundu wa zebaki na kupata hewa ya ajabu ambayo mshumaa huwaka ndani yake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mswidi Carl Scheele alikuwa ameshaipata hewa hiyo kabla ya Priestley, ila habari zake zilichelewa kuchapishwa. Lavoisier aliirudia kazi hiyo kwa vipimo vyake, na katika maandishi yake ya kwanza hakuwapa wenzake sifa waliyostahili. Ni doa, na Priestley hakulisahau.

Lakini Priestley, aliyeishika hewa hiyo mkononi, hakuelewa ni nini. Lavoisier ndiye aliyeelewa. Alipasha zebaki joto kwa siku 12 ndani ya chombo chenye hewa iliyofungiwa. Unga mwekundu ukajitokeza juu ya zebaki, na hewa ikapungua. Iliyobaki ilizima mshumaa na kuua mnyama. Akaukusanya ule unga mwekundu, akaupasha joto kali zaidi, ukaitoa tena hewa iliyokuwa imepotea. Alipoichanganya na ile mbaya, akapata hewa ya kawaida kama ile ya mwanzo.

Kumbe hewa tunayovuta ni mchanganyiko. Sehemu moja hulisha moto na uhai, nayo ni kama moja ya tano. Akaiita oksijeni, jina la Kigiriki lenye maana ya kuzaa asidi, kwa sababu alidhani kila asidi inayo. Hapo alikosea, lakini jina limebaki hadi leo.

Shomoro, simbilisi na barafu

Sasa likaja swali la pumzi. Alimweka shomoro ndani ya chupa kubwa ya kioo iliyofungiwa hewa. Ndege alipokufa, Lavoisier aliichunguza hewa iliyobaki akailinganisha na ile iliyoachwa na zebaki. Zote mbili zilizima mshumaa. Tofauti ilikuwa moja: hewa ya shomoro iliyageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa, ya zebaki haikufanya hivyo. Walimu wengi wa sayansi hufanya jaribio la namna hiyo darasani, mwanafunzi akipuliza kwa mrija kwenye maji ya chokaa. Kinachoyageuza ni kabonidayoksaidi, hewa ileile inayotoka mkaa ukiungua.

Mkaa hula oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi na joto. Mnyama hula oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, na mwili wake una joto. Mwaka 1777 Lavoisier alieleza mbele ya Akademia kwamba kupumua ni aina ya kuungua, polepole na bila mwali.

Wengine wangeridhika na mfano huo mzuri. Yeye alitaka kuupima. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, akiwa na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace, alitengeneza chombo chenye vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine. Katikati aliwekwa simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa kama sungura. Chumba kilichomzunguka kilijazwa barafu. Cha nje nacho kilijazwa barafu, ili joto la nyumba lisiiyeyushe ile ya ndani. Kwa hiyo maji yote yaliyotiririka kutoka chumba cha kati yaliletwa na joto la mnyama peke yake.

Kwa saa 10 simbilisi aliyeyusha barafu karibu gramu 400. Kisha wakapiga hesabu: mkaa ukichomwa hadi utoe kabonidayoksaidi sawa na aliyoitoa mnyama huyo kwa muda huo, utayeyusha barafu kiasi gani? Jibu lilikuwa zaidi kidogo ya gramu 320. Namba hizo mbili hazilingani, nao hawakuficha. Lakini zilikaribiana vya kutosha kuonyesha kwamba joto la mnyama linatoka hasa kwenye kuungua huko. Baadaye Lavoisier alieleza sehemu ya tofauti hiyo: chakula kina haidrojeni pia, nayo ikiungana na oksijeni hutoa joto na kuwa maji.

Mtu aliyefungwa barakoa

Kazi ninayoiona kubwa kuliko zote aliifanya kati ya 1789 na 1791, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa tayari yamewaka mitaani. Safari hii aliyepimwa alikuwa mtu, msaidizi wake kijana Armand Seguin. Seguin alivishwa barakoa iliyobandikwa usoni kwa gundi, hewa isipate pa kupenya, akawa anapumua kwa mrija tu. Marie-Anne alichora picha za majaribio hayo, na katika picha hizo yeye mwenyewe anaonekana ameketi kwenye meza ya pembeni, kalamu mkononi.

Walimpima Seguin akiwa ametulia na njaa, akiwa kwenye baridi, akiwa ameshiba, kisha akikanyaga kibao kilichoinua mzigo. Kwenye baridi alitumia oksijeni zaidi kidogo. Baada ya kula alitumia zaidi. Alipofanya kazi matumizi yalipanda zaidi ya mara mbili na nusu. Alipofanya kazi akiwa ameshiba yalikaribia mara nne ya yale ya kutulia.

Hapo ndipo Lavoisier alipoandika jambo ambalo huenda hukulitegemea kutoka kwa mkusanya kodi. Kama kazi huchoma mwili, basi mtu maskini anayeishi kwa mikono yake huchoma zaidi kuliko tajiri aliyekaa, na anahitaji chakula zaidi ili kurudisha kilichoungua. Lakini duniani mambo yako kinyume: mwenye kuchoma kidogo ndiye mwenye chakula tele. Alisema kosa hilo si la maumbile, ni la jinsi watu walivyopanga jamii, na akatumaini kwamba mapinduzi yangelirekebisha.

Ni vigumu kusoma hayo bila kukumbuka pesa zake zilitoka wapi. Chumvi aliyoitoza kampuni yake ililiwa na wachoma-mwili haohao. Sidhani alikuwa mnafiki. Huko mashambani alikuwa na shamba la majaribio mahali paitwapo Fréchines, karibu na mji wa Blois, alilolinunua 1778. Alipima mbolea, akapanda majani ya mifugo na viazi, akaandika hesabu za kila shamba mwaka baada ya mwaka. Njaa ilipoingia eneo hilo mwaka 1788, aliukopesha mji wa Blois fedha za kununulia nafaka bila riba. Lakini kodi hakuiacha.

Moto hauko mapafuni

Jambo moja Lavoisier hakulipata: moto huo unawaka wapi? Alielekea kuamini kwamba ni mapafuni. Mwenzake, mwanahisabati Lagrange, aliona tatizo: kama joto lote la mwili lingetoka mapafuni, mapafu yenyewe yangeungua. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Eduard Pflüger alithibitisha kwamba oksijeni hutumiwa mwili mzima, ndani ya seli, vile vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo mwili umejengwa navyo. Mapafu ni mlango tu, na damu ni mchukuzi.

Leo tunajua zaidi. Ugali ukishasagwa tumboni huwa sukari ndogo iitwayo glukosi, na damu huipeleka kwenye seli. Kwanza glukosi hukatwa vipande viwili, kazi isiyohitaji oksijeni. Vipande hivyo huingia kwenye vijichumba vilivyomo ndani ya seli, vinavyoitwa mitokondria. Humo hubomolewa hatua kwa hatua, katika mzunguko uliogunduliwa mwaka 1937 na Hans Krebs, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akafanya kazi Sheffield, Uingereza. Kaboni hutoka kama kabonidayoksaidi. Haidrojeni hufika mwisho wa safari, hukutana na oksijeni na kuwa maji, kama Lavoisier alivyosema.

Tofauti na moto wa jikoni ni kwamba nishati haitoki kwa mkupuo. Seli huikamata kidogo kidogo na kuiweka katika kemikali iitwayo ATP, ambayo hutumika mara moja kukunja msuli, kupiga moyo, kujenga mwili. Inayobaki huwa joto, ndilo lile lililoyeyusha barafu ya Laplace.

Ukielewa hivyo, mambo mengi ya nyumbani yanafunguka. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, kabonimonoksaidi, inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mchukuzi anakuwepo, mzigo haupo. Sumu ya sianidi ya mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri hushambulia mbele zaidi: oksijeni inafika kwenye seli, ila mitokondria zinashindwa kuitumia. Mahindi nayo ni hai. Ukiyarundika yakiwa na unyevu, chembe zake pamoja na ukungu hupumua, na ukiingiza mkono katikati ya lundo utasikia joto. Na ukiyafunga yakiwa makavu kwenye mfuko usiopitisha hewa, wadudu waliomo humaliza oksijeni wenyewe na kufa, kama shomoro wa Lavoisier chini ya kioo.

Kodi yamrudia

Kabla ya mapinduzi, Lavoisier alikuwa amependekeza ujengwe ukuta kuizunguka Paris ili bidhaa zisipenyezwe bila kulipiwa. Ukuta ulijengwa katika miaka ya 1780, na watu wakauchukia. Mwandishi wa siasa Jean-Paul Marat, ambaye kazi zake za sayansi hazikuthaminiwa na Akademia, alimshambulia hadharani mwaka 1791. Moja ya mashtaka yake ni kwamba ukuta huo uliizuia Paris kupata hewa safi. Hayo aliambiwa mtu aliyewafundisha watu hewa ni nini.

Kampuni ya kodi ilivunjwa mwaka huohuo, na Akademia ikafungwa Agosti 1793. Lavoisier aliendelea na kazi ya kuandaa vipimo vipya vya uzito na urefu kwa ajili ya taifa, vile vilivyozaa kilo na mita zetu za leo. Novemba ilipotolewa amri ya kuwakamata wakusanya kodi wote, alijificha siku chache, kisha akajisalimisha mwenyewe. Huenda aliamini kwamba hesabu zake, zilizokuwa safi siku zote, zingemwokoa.

Tarehe 8 Mei 1794 walihukumiwa na kuuawa siku hiyohiyo, watu 28. Miongoni mwa mashtaka ni kwamba waliongeza maji kwenye tumbaku ya wananchi ili izidi uzito. Baba mkwe wake, Jacques Paulze, alitangulia kwenye gilotini, Lavoisier akafuata. Husimuliwa kwamba hakimu alisema taifa halina haja na wanasayansi, lakini hakuna ushahidi mzuri kwamba maneno hayo yalitamkwa. Hayakuhitajika. Siku ile hakuuawa kama mwanasayansi, aliuawa kama mkusanya kodi. Mwili wake ulitupwa kwenye kaburi la pamoja.

Marie-Anne alipoteza baba na mume saa moja, na mali ikataifishwa. Yeye pia alifungwa kwa muda. Serikali iliyofuata ilimrudishia mali, vitabu na vyombo vya maabara. Alizichapisha karatasi ambazo mumewe alikuwa akizipanga alipokamatwa, na alizigawa bure kwa wanasayansi. Aliolewa tena mwaka 1805 na mwanasayansi mwingine wa joto, Count Rumford. Ndoa hiyo ilivunjika baada ya miaka michache. Seguin, yule wa barakoa, aligeukia biashara ya ngozi kwa ajili ya jeshi akawa tajiri mkubwa.

Marie-Anne alifariki mwaka 1836. Wataalamu wa miaka ile walikuwa bado wanabishana moto wa mwilini unawaka wapi.